Kutengwa Kusiko na Siku ya Kutoka

Sisi tuliozaliwa upande wa Dareda, chini ya ukingo wa Bonde la Ufa, kabla ya Uhuru, tumekua tukiona watu wakitengwa. Kwa Wairaqw desturi hiyo iliitwa metimani, na jirani zetu Wadatoga walikuwa na metida yao. Mimba ilipoharibika, au mtoto alipozaliwa mfu, nyumba ile ilikaa peke yake. Mama hakuchota maji kwenye chemchemi ya wote, hakushika kibuyu cha jirani, hakuingia uani kwa mtu, wala mtu hakuingia kwake. Msichana aliyeshika mimba kabla ya kuolewa alipata mabaya zaidi: alivushwa mpaka wa eneo, akazalie kwa watu baki. Siisifu desturi hiyo, wala silii kwamba imefifia. Iliwaumiza wanawake wengi ambao kosa lao lilikuwa kupatwa na msiba.

Lakini nyumba iliyofiwa ilikuwa na siku ya kutoka. Wazee waliijua, mama mwenyewe aliijua, na watoto waliokatazwa kucheza na watoto wake waliijua. Kilichotengwa kilikuwa jambo lililompata. Siku zikitimia alirudi chemchemini, akapokewa kibuyu chake, na mwenye kumkumbushia yaliyopita alionekana yeye ndiye hana adabu.

Vijana ninaotaka kuwazungumzia hawana siku hiyo. Ni wavulana na wasichana wa mji huu wa Babati wanaopenda watu wa jinsia yao. Wapo Bagara, wapo Maisaka, wapo Nangara, wapo Bonga. Wameuza alizeti na wazazi wao mnadani, wameimba kwaya, wamesoma madrasa, wameendesha bodaboda zinazotupeleka hospitali. Nimewajua kwa sababu nilisomea uuguzi wa afya ya akili katika hospitali ya Mirembe, Dodoma, nikaifanya kazi hiyo hadi kustaafu, na hata sasa watu hawajaacha kubisha mlango wangu. Magonjwa niliyoyaona kwao ni sonona, hofu isiyokwisha, pombe ya kulazimisha usingizi, na majaribio ya kujiua. Nimefika umri wa kusema ninachokiamini bila kuzunguka: magonjwa hayo hayakuja na mapenzi yao. Tunayatengeneza sisi, wazazi, majirani, viongozi, siku baada ya siku, kwa namna tunavyoishi nao.

Chukua kijana mmoja. Nimebadilisha mambo machache asitambulike. Alikuwa anauza vifaa vya simu Dar es Salaam. Mwishoni mwa Oktoba 2018, Mkuu wa Mkoa huo wa wakati ule, Paul Makonda, alitangaza kikosi kazi cha kuwasaka mashoga na akawataka wananchi wapeleke majina. Tarehe 4 Novemba Wizara ya Mambo ya Nje ilitoa tamko kwamba yale yalikuwa maoni yake binafsi na si msimamo wa serikali. Kijana alikuwa ameshapanda basi. Aliacha godoro, jiko la gesi na kodi aliyokwisha kuilipa.

Miezi kadhaa baadaye mama yake alimleta kwangu na bahasha ya vipimo. Alikuwa ametibiwa taifodi, akatibiwa UTI, akarudiwa taifodi, kisha akapewa dawa za vidonda vya tumbo. Wahudumu wa afya wa mikoa yetu tunaifahamu sana bahasha ya namna hiyo. Mtu anasema kichwa kinawaka moto, moyo unakwenda mbio, tumbo linanyonga, usingizi hakuna, na kwa kuwa hakuna anayemuuliza habari za maisha yake, dawa inaandikwa kwa kile ambacho maabara inaweza kupima. Nilimwomba mama anisaidie kuchambua mbaazi jikoni, nikabaki na mwanawe barazani.

Alisimama akanionyesha jinsi alivyojifundisha kutembea. Mkono mmoja mfukoni, hatua ndefu, shingo isigeuke haraka mtu akiita. Sauti yake alikuwa ameishusha hata mbele ya wadogo zake. Kwenye simu, marafiki zake wote walikuwa na majina ya kazi: Mzee Saruji, Fundi Bomba, Wakala wa Mbegu. Ikifika magharibi anaizima. Usiku pikipiki ikisimama nje barabarani, anakaa kitako kitandani mpaka iondoke. "Bibi, tangu nifike hapa sijafanya lolote," aliniambia, "lakini kila jioni nimechoka kama mtu aliyelima ekari nzima kwa jembe la mkono."

Uchovu ule ndio ugonjwa wenyewe, na una maelezo. Mwaka 1981 mtafiti wa Kimarekani Virginia Brooks aliandika juu ya msongo wanaoupata wanawake wanaopenda wanawake kwa sababu tu ya kuwa wachache katika jamii. Ilan Meyer akaliendeleza wazo hilo kwenye maandiko yake ya 1995 na 2003, na tangu hapo ndilo linalotumika sana kueleza kwa nini watu hawa wanaugua sonona na hofu kuliko wengine. Anachosema si kigumu. Kila binadamu ana mizigo yake: ada, kodi, mgonjwa nyumbani. Mtu wa kundi linalodharauliwa anabeba hiyo na kuongezewa mwingine. Kuna yanayomtokea kweli, matusi, kipigo, kufukuzwa kazi. Kuna anayoyatarajia, na kutarajia huko hakulali, kwa maana kipigo hupigwa mara moja lakini mtu hukisubiri kila siku. Kuna kujificha, kila neno likipimwa kabla ya kutoka. Na mwisho kuna lile baya kuliko yote, pale mtu anapoyaamini yanayosemwa juu yake na kuanza kujichukia mwenyewe, hata akiwa peke yake chumbani ambako hakuna wa kumtukana.

Mwili haujui tofauti kati ya kikosi kinachokuja na kikosi kinachodhaniwa kinakuja. Unamwaga homoni zilezile za hatari, moyo unapiga, misuli inakaza, tumbo linasimamisha kazi yake. Hali hiyo iliumbwa kwa dakika chache za kumkimbia nyati. Ikikaa miezi, usingizi unakatika vipande vipande, hamu ya chakula inaondoka, kumbukumbu inadhoofika, na furaha ya vitu vidogo, mpira, muziki, chai na wenzako, inakauka. Hapo tunasema kijana amekuwa mvivu.

Mtu anaweza kuuliza kama kweli maneno ya mkubwa jukwaani yanaweza kumfanya mtu aliye mbali augue. Yanaweza, na jambo hilo limepimwa. Mwaka 2004 na 2005 majimbo kadhaa ya Marekani yalipiga kura kubadili katiba zao ili kuzuia ndoa za jinsia moja. Mark Hatzenbuehler na wenzake walilinganisha afya za watu walewale kabla na baada. Katika majimbo yale, magonjwa ya hisia kama sonona yaliongezeka kwa asilimia 36.6 miongoni mwa wapenzi wa jinsia moja, na katika majimbo ambayo hayakupiga kura hiyo hayakuongezeka kwa kiasi cha maana. Kura na kampeni zake, mabango na mahubiri, vilitosha. Hakuna mlango uliovunjwa.

Kwetu milango imevunjwa. Februari 2010 huko Mtwapa, pwani ya Kenya, ulienea uvumi kwamba kuna harusi ya wanaume wawili. Umati uliandamana hadi kwenye kliniki ya KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, iliyokuwa ikihudumia wanaume wanaopenda wanaume, watu wakapigwa. Miaka michache baadaye watafiti walipopima afya ya akili ya wanaume wa pwani hiyo wanaofanya mapenzi na wanaume, karibu theluthi moja walikuwa na dalili za sonona, na kadiri mtu alivyokuwa amedhalilishwa zaidi ndivyo alivyoelekea kuwa mgonjwa zaidi. Hapa Tanzania, utafiti uliofanyika Dar es Salaam na Tanga na kuchapishwa 2016 ulikuta dalili za sonona kwa karibu nusu ya walioulizwa. Ukiwa muuguzi huwezi kusoma kiwango cha namna hiyo ukaendelea kunywa chai. Kingekuwa kiwango cha kipindupindu, mwenyekiti wa mtaa angekuwa amepita na kipaza sauti.

Nchi yetu ilifanya kinyume. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 154, inaweka kifungo cha maisha, kisichopungua miaka 30, kwa kile inachokiita kuingiliana kinyume cha maumbile. Julai 2016 Wizara ya Afya ilipiga marufuku vilainishi vilivyokuwa vikigawiwa kupunguza maambukizi ya VVU, na Februari 2017 vituo 40 vikazuiwa kutoa huduma za VVU kwa watu hawa na makundi mengine yaliyo hatarini zaidi kuambukizwa. Vituo vile vilikuwa vinafanya zaidi ya kupima damu. Humo mtu alikuwa na saa mbili za kukaa na kuongea bila kuipima sauti yake. Meyer anasema kinachomkinga mtu wa kundi dogo ni kuwapata wenzake na kuona hayuko peke yake. Hilo ndilo lililofungwa pamoja na makabati ya dawa. Babati hapakuwahi kuwa na mahali pa namna hiyo, lakini vijana wetu walikuwa wakipanda basi la Arusha asubuhi na kurudi usiku kwa ajili ya hizo saa mbili.

Rika langu lina deni la pekee katika jambo hili, kwa sababu tumeshaona mwisho wa njia hii. Babati iko njia panda, magari ya Arusha, Dodoma na Singida yanapita hapa, na katika miaka ya 1990 Ukimwi ulitupiga bila huruma. Nakumbuka vikombe vilivyowekwa alama, godoro lililotupwa kabla marehemu hajaoshwa, mama aliyeketi nyuma kabisa kanisani na benchi zima likahama. Dawa za kufubaza virusi zilipoanza kutolewa katika hospitali zetu baada ya 2004, tulidhani shida imekwisha. Tukakuta watu wanafuata dawa Kondoa au Karatu, wasionekane kwenye foleni ya hapa. Wengine hawakufuata kabisa. Aibu iliwaua watu ambao dawa yao ilikuwa rafuni. Baadaye tulifundishwa neno unyanyapaa, tukaliandika kwenye mabango, tukalitungia nyimbo na shule zikaimba. Kizazi kilichojifunza somo hilo kwa makaburi mengi namna ile hakina ruhusa ya kulirudia kwa watoto wengine.

Msichana mmoja ninayemfikiria mara nyingi aliozwa akiwa na miaka 19, haraka, baada ya baba yake mdogo kukuta ujumbe kwenye simu yake. Wasichana wa aina yake hawasakwi na kikosi. Wao hupewa mume. Alinieleza kwamba usiku anaondoka mwilini mwake, anahesabu mabati ya dari mpaka yaishe. Ana watoto wawili sasa, anawapenda, na mikono yake hutetemeka kila akisikia geti. Ndugu wanasema ametulia.

Nilipokuwa mwanafunzi, vitabu vilivyokuwa rafuni viliweka kupenda jinsia yako kwenye orodha ya magonjwa ya akili. Madaktari wa akili wa Marekani walikwisha kuliondoa jambo hilo Desemba 1973, na Shirika la Afya Duniani likaliondoa tarehe 17 Mei 1990, baada ya miaka ya kuchunguza na kukosa ugonjwa wenyewe. Wazee wengi wa rika langu bado wamesimama kwenye kile kitabu cha zamani. Ndiyo maana mtoto anapelekwa kwa mganga, anapelekwa kwenye maombi ya usiku kucha akishikiliwa na wanaume wanne, analazimishwa kufunga saumu. Nimewapokea waliotoka huko. Sijapokea hata mmoja aliyebadilika kwa hayo. Nimepokea waliojifunza kudanganya vizuri zaidi, na waliokunywa sumu ya panya.

Kuhusu dini nitasema kidogo, maana si kazi yangu kumfundisha sheikh wala paroko. Sisi Wakatoliki wa Jimbo la Mbulu tunajua kanisa halijabadili fundisho lake juu ya tendo, na maaskofu wa Afrika walilisisitiza Januari 2024. Lakini Papa Fransisko huyohuyo aliyeliongoza kanisa hilo aliwaambia wazazi mnamo Januari 2022 wasijifiche nyuma ya kulaani, wawasindikize watoto wao, na mwaka uliofuata akasema waziwazi kwamba kuwa hivyo si jinai. Mzazi anaweza kushika imani yake na asimwinulie mwanawe mkono. Nimewaona wanaofanya hivyo hapahapa mjini, Waislamu na Wakristo, na watoto wao wako hai.

Kuwa hai ndilo jambo ninalolizungumzia. Mwaka 2009 Caitlin Ryan na wenzake, huko California, walichapisha utafiti juu ya vijana hawa na familia zao. Vijana waliokataliwa sana nyumbani walikuwa na uwezekano mara 8.4 zaidi wa kuwa wamejaribu kujiua kuliko wenzao waliokataliwa kidogo au wasiokataliwa. Nilipoisoma namba hiyo sikushangaa. Nilishangaa kwamba kukataliwa kwenyewe kulipimwa kwa vitendo: kupigwa, kufungiwa nje, kukatazwa marafiki, kutoongeleshwa, kuambiwa umeaibisha ukoo. Ni vitendo ambavyo mzazi anaweza kuviacha leo jioni, bila kuisubiri sheria wala kumsubiri mbunge.

Na sheria nayo inazidisha. Kujaribu kujiua ni kosa la jinai Tanzania. Kijana aliyeokolewa anaamka wodini akijua ana makosa mawili, lile la kuwa alivyo na hili la kutaka kufa, basi anadanganya yote mawili, na muuguzi anaandika "amekunywa dawa ya kuulia wadudu kwa bahati mbaya." Nimeiona sentensi hiyo kwenye mafaili mengi mno hata nisiiamini. Kenya, Mahakama Kuu ilitamka Januari 2025 kwamba kumwadhibu aliyejaribu kujiua ni kinyume cha katiba. Natamani Bunge letu nalo liliondoe kosa hilo, kwa ajili ya kila anayeumia, maana wakulima wanaokimbia madeni na wajane nao wanakunywa sumu ileile.

Wenzangu wa rika langu hunijibu kwamba haya ni mambo ya kuletwa na simu. Simu imebadilisha kitu kimoja. Zamani kijana wa namna hii alihamia Mererani, Arusha au Mombasa, mahali ambapo hakuna aliyemjua babu yake, akaanza upya. Leo picha moja inatumwa kwenye kundi la ukoo, la kwaya, la darasa la saba 2009, na inafika Mombasa kabla yake. Hata kule kuvushwa mpaka kwa yule msichana wetu wa zamani, pamoja na ukatili wake, kulimweka ng'ambo ambako maneno hayakumfikia. Kizazi hiki hakina ng'ambo. Kinaishi saa 24 mbele ya watu wote waliowahi kukifahamu, na kinawaogopa wote kwa wakati mmoja. Sijui akili ya binadamu gani ingebeba hilo isivunjike, na ninawastaajabia vijana hawa kwa jinsi wengi wao walivyo wapole, wachapakazi, wenye kuwalipia wadogo zao ada.

Mwaka jana baba mmoja alinijia, mfugaji mwenye heshima zake, akiwa amemwacha mwanawe kwenye gari. Alikuwa amekwisha kujua, na alikuwa amekwisha kuchapa. Akaniuliza: "Mama, huyu atapona?" Nilimwambia asiyelala atalala, hofu itapungua, sonona ina dawa na tutampeleka kwa daktari wa akili. Kumpenda mwanaume hakumo kwenye orodha yangu ya magonjwa, hivyo hilo asilisubiri. Alikaa kimya muda mrefu, akauliza dawa zinachukua muda gani. Nikamweleza kwamba kwa kawaida wiki mbili hadi nne mtu anaanza kuona nafuu, zinatakiwa zimezwe miezi sita au zaidi, na zisikatishwe ghafla. Nikamweleza pia kwamba dawa inampa mtu nguvu ya kuishi mahali alipo, na mwanawe alikuwa akilala kwenye chumba kilichong'olewa komeo, ambamo wajomba waliingia saa yoyote kumwombea na kumkagua simu. Tukaanza na hicho chumba. Komeo lirudi, na liwe la ndani. Wajomba waambiwe na yeye mwenyewe baba, si na mama, kwamba imetosha. Simu ni ya mwenyewe. Chakula ale mezani na wenzake, sahani ileile, na asiulizwe ataoa lini. Na mtu mmoja wa nyumbani, yule anayempenda zaidi, awe anajua dawa zinakaa wapi na alale karibu naye mpaka wiki zile za mwanzo zipite, kwa kuwa ndizo wiki za kuangaliwa sana. Baba aliomba karatasi, akaandika yote kwa mpangilio, akayasoma tena kwa sauti ili nihakikishe hajaruka kitu, kisha akatoka kwenda kumfungulia mwanawe mlango wa gari.